Ndoo ya Katonga: shajara ya mradi, Machi hadi Agosti 2024

Jumatatu, 4 Machi

Vibali vimekamilika. Nimepiga hodi ofisi sita kupata sahihi tano. Ofisi moja ilinirudisha mara mbili kwa sababu mwenye muhuri alikuwa safarini, nami nimejifunza kwamba hapa kwetu muhuri nao husafiri. Kesho nashuka mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: mradi unawatafuta wanawake wanaofanya kazi Kigoma, ndani na nje ya vyama vya wafanyakazi. Nina makundi mawili. La kwanza ni wauguzi, walimu na watumishi wa halmashauri, ambao ada ya chama hukatwa juu kwa juu kwenye mshahara. La pili ni wanawake wa dagaa, mialo ya Katonga na Kibirizi. Mwenzangu aliyeko Tabora anashika reli na tumbaku, nitamfuata mwezi ujao. Kwenye andiko tulilopeleka kuomba fedha, swali letu lilisomeka: "Kwa nini wanawake wa sekta isiyo rasmi hawajiungi na vyama?" Nimelibandika ukutani juu ya meza.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake Duniani. Mjini watumishi wamevaa vitenge vya sare, wanaelekea kwenye maandamano. Mimi nimevaa kandambili na niko Katonga tangu saa kumi na moja alfajiri. Ni siku za giza, mwezi mpya ni keshokutwa, kwa hiyo wavuvi hawalali. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: wanapanda kufuata mwanga, wavu unanyanyuliwa kutoka chini yao. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu.

Mtumbwi ukigusa mchanga kila mtu anajua mahali pake. Vijana wa kiume wanaingia majini hadi kiunoni, wanatoka na ndoo begani, wanamwaga kwenye turubai la mwenye mzigo. Kuanzia hapo ni wanawake. Wanaosha, wanachambua, wanapeleka kwenye chanja za kuanikia, wanatandaza, wanageuza, wanafukuza kunguru, wanaanua wingu likitishia. Wingu la Machi hapa halitishii bure. Mwaka huu maji ya ziwa yamepanda na kula sehemu ya ufukwe, chanja zimehamishiwa juu, kwa hiyo njia ya kutoka kwenye turubai hadi kwenye chanja imerefuka na imekuwa na kilima. Nimehesabu hatua zangu: 112. Bila ndoo.

Alhamisi, 14 Machi

Dodoso limekufa leo, Ramadhani ya tatu, na nimelizika hapo hapo mchangani.

Swali la 6: "Je, umeajiriwa?" Wanawake 14, hapana 14. Swali la 7, "Unafanya kazi gani?", lilinipa haya: "Sina kazi, mwanangu, naanika tu." "Namsaidia tajiri." "Najishikiza." "Nahangaikia watoto." Kwa mujibu wa fomu yangu mwenyewe, watu 14 niliowakuta wameinama tangu alfajiri, wamefunga na koo kavu, hawana kazi. Na pale chini niliweka mshale, nikijiona mjanja: kama jibu ni hapana, nenda swali la 31. Swali la 31 linauliza idadi ya watoto.

Mama mmoja, umri wa mama yangu, ambaye kwenye daftari namwita M-04, alinitazama nikifunga karatasi.

"Umeshamaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Mbona hukuuliza kitu?"

Nikaweka fomu chini ya kopo la maji zisipeperuke, nikakaa kutazama ndoo moja. Ndoo ya bluu ya lita 20, mpini umefungwa kamba. Kijana aliitoa mtumbwini hadi kwenye turubai, hatua kama 30, tambarare. Huyo anaitwa mbebaji. Kila safari ina hesabu, na pesa yake anapewa taslimu kabla nguo haijamkauka. Kisha M-04 akaijaza ndoo ile ile, dagaa wale wale, akajitwisha, akapanda nazo hatua 112. Alipoteremka nilimuuliza anafanya nini.

"Nasogeza."

Kubeba kuna bei. Kusogeza hakuna. Jioni mwenye mzigo anampa sahani ya dagaa waliokauka, siku nzuri sahani mbili, na jina lake ni kifuta jasho. Usiku nimeandika kadi moja tu: KUSOGEZA.

Jumanne, 26 Machi

Mbalamwezi. Mitumbwi imelala, wanawake wanarekebisha waya za chanja, kuna nafasi ya kukaa. Nimekuja bila fomu. Nimeuliza maswali ya kijinga: chanja hii ya nani? Ndoo je? Ukichelewa kufika unaambiwa nini? Nani anaamua dagaa zigeuzwe saa ngapi? Kesho unaweza kwenda kuanika kwa mwingine?

Majibu yalimiminika kama maji. Chanja ni ya tajiri, ndoo ni ya tajiri, hata kisado cha kupimia ni chake. Ukichelewa unakuta mtu mwingine mahali pako, na sahani yako ya jana, ambayo ulikuwa hujapewa, inapotea pamoja na nafasi. Kuhama unaweza, ila ukihama umehama: mwaka jana mmoja alijaribu kuanika kwa wawili, akakosa kote. M-04 yuko kwa tajiri huyo huyo tangu binti yake yuko darasa la pili. Binti sasa ana mtoto anayesoma darasa la tano.

Nimerudi nyumbani nikafungua Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Nilikisoma chuoni kwa ajili ya mtihani nikakisahau kwa ajili ya maisha. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata moja kati ya mambo saba: namna yake ya kufanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, kama anafanya kazi katika taasisi, yeye ni sehemu yake, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kipato chake kinamtegemea mtu huyo, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Hata moja. Nimemweka M-04 kwenye mizani, nimepata matano bila kulazimisha.

Nilimpigia msimamizi wangu usiku huo huo, sauti juu. Akanisikiliza, akacheka kidogo. "Sawa. Sasa nani atakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na sahani ya dagaa kama kielelezo?" Sina jibu. Kuna na jambo la pili, nimeliandika kwa wino mwekundu kwa sababu linaharibu picha niliyokuja nayo: tajiri wa M-04 ni mwanamke. Namwita M-09. Ananunua dagaa wabichi, anakausha, anapakia magunia kwenda Tabora na Dar es Salaam, na mtaji wake ni mkopo wa vikoba. Nilipomuuliza ana wafanyakazi wangapi, alijibu haraka, bila hila yoyote usoni: "Sina mfanyakazi hata mmoja, mdogo wangu. Kuna akina mama wananisaidia."

Jumatano, 10 Aprili

Idi. M-04 kamtuma mjukuu wake na bakuli la pilau, limefunikwa kwa kanga. Sijaandika kitu leo.

Ijumaa, 19 Aprili, Tabora

Nimefika jana usiku kwa treni. Mwenzangu amenipeleka kwa mzee mstaafu wa reli, anayeishi kwenye nyumba iliyozungukwa na miembe, na ambaye kabla ya salamu kwisha alitaka kujua treni imechelewa saa ngapi. Tulipomwambia alitikisa kichwa kama daktari anayesikia joto la mgonjwa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake mji huu ulikuwa njia panda ya misafara, na upagazi ulikuwa kazi yenye jina, yenye ujira, yenye sifa. Kijana wa Kinyamwezi asiyewahi kwenda pwani na mzigo alikuwa na la kueleza. Wanawake nao walitembea na misafara ile, wamebeba vyungu, vyakula na watoto. Wanaume wakaitwa wapagazi, wao wakaitwa wake za wapagazi. Nilipoandika sentensi hiyo nilikumbuka kilima cha Katonga, ikabidi nisimamishe kalamu kidogo.

Mzee alianza kazi mwaka 1966, enzi za reli ya Afrika Mashariki, akawa mwanachama wa NUTA, chama cha wafanyakazi cha enzi hizo, kisha warithi wake, JUWATA ilipokuja mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991. Anazitaja kama mtu anayetaja wake aliooa. NUTA aliipenda kidogo ("ilikuwa ya serikali, mkubwa wake aliteuliwa na Rais"), na ni kweli: Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake wa kwanza, lilivunjwa mwaka 1964 na NUTA ikawekwa mahali pake kwa sheria. Ila mapenzi yake halisi yako nyuma ya hapo, kwenye mgomo wa reli wa mwaka 1960. Siku 82. Alikuwa mtoto, baba yake aligoma. Kabla ya hapo kulikuwa na mgomo wa mwaka 1947, ulioanzia bandarini Dar es Salaam na kuifuata reli kuja bara. Bandari na reli, ndiko vyama vyetu vilikozaliwa, kwenye kazi za wanaume wenye namba za kazi na siku ya mshahara.

Nikamuuliza swali la mradi. Wakati wa mgomo, wanawake walikuwa wapi?

"Walikuwa nyumbani."

Mwenzangu akauliza lingine, ambalo sikulifikiria: "Siku 82 mlikula nini, mzee?"

Alinyamaza. Kuku alipita katikati yetu, akarudi. "Mama alikuwa anakaanga mihogo, anauza stesheni. Akitoka huko anakwenda shamba la mtu, analima kwa debe la mtama. Usiku anatwanga." Akanyamaza tena, halafu akasema polepole, kama anayeisikia kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe: "Baba aligoma. Mama hakugoma hata siku moja."

Upande wa tumbaku mwenzangu ataandika yeye, mimi sikukaa vya kutosha. Treni ya kurudi, kama mzee angependa kujua, ilichelewa pia.

Alhamisi, 2 Mei

Jana Mei Mosi. Kitaifa ilikuwa Arusha, sisi tuliandamana hapa. Fulana za vyama, mabango, tarumbeta. Niliandamana na wauguzi, jua kali, na mazungumzo ya njiani yamenifaa kuliko mahojiano yote matano niliyokuwa nimeyapanga.

Kundi hili halina tatizo la kuitwa wafanyakazi. Wana hati ya mshahara, wana makato, wana kadi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imewafikiria hata kwa idadi: mahali penye wanachama zaidi ya 100, chama kina wawakilishi 15, na wasiopungua watano kati yao wawakilishe wanawake. Likizo ya uzazi siku 84, mapacha siku 100. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumlisha mtoto.

"Viti tunavyo," muuguzi mmoja aliniambia, huku akijipepea kwa bango. "Na chai ya mkutano tunaipika sisi wenye viti." Mwingine alinisimulia saa zake za kunyonyesha. Kituo alichokuwapo, mbali kidogo na mjini, kilikuwa na muuguzi mmoja kwa zamu ya usiku. Mtoto nyumbani, wodini mama ana uchungu. "Saa mbili nilizisoma. Nani nimwachie mgonjwa, karatasi?" Maziwa yalikuwa yanalowesha sare, akaanza kuvaa khanga iliyokunjwa ndani. Alipoleta jambo hilo kwenye tawi, likapelekwa kamati ya wanawake. Kamati ya wanawake ililiandika kwenye taarifa. Taarifa ilisomwa. Hapo likaishia, kwa sababu dawa yake ni kuongeza mtu wa zamu, na hilo ni jambo la bajeti, na bajeti inazungumzwa kwenye meza nyingine.

Sitaki kuwa mjeuri kwa vyama. Muuguzi huyo huyo alisema ni tawi lake lililomsaidia alipocheleweshewa kupanda daraja, na ada hailalamikii. Ila nimeona namna jambo linavyoweza kuitwa la wanawake ili lisiwe la wafanyakazi.

Alhamisi, 16 Mei

Ziwa limefungwa tangu jana. Nchi zote nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zimekubaliana kupumzisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Kwa samaki sina pingamizi. Wazee wa hapa wote wanasema dagaa wa leo si wa zamani.

Mkutano mmoja niliokaa kusikiliza ulizungumza saa mbili kuhusu nyavu, injini, mitumbwi, na wavuvi watakula nini. Maswali mazuri. Chanja haikutajwa. Nilimtazama M-04, alikuwa amekaa nyuma kwenye jiwe, ameshika kiatu kilichokatika. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunyoosha mkono. "Wamewaita wavuvi, mwanangu. Mimi nilikuja kusikiliza."

Jumapili, 23 Juni

Mwezi wa kusoma, maana mwaloni kuna bata tu.

Nimerudia kazi za Ruth Milkman, mwanasosholojia wa Marekani, wa City University of New York. Alichimba nyaraka za viwanda vya magari na vya vifaa vya umeme vya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kabla ya vita, viwanda vya umeme vilikuwa na wanawake wengi kwenye kazi za kulipwa kwa kipande. Vya magari vilikuwa na wachache sana: huko mshahara ulikuwa mkubwa na kasi iliamuliwa na mkanda unaotembea, kwa hiyo mwenye kiwanda hakuwa na haraka ya kutafuta mikono ya bei nafuu. Vita vikaja, wanaume wakaenda jeshini, wanawake wakaingia. Ungetarajia mpaka ufutike. Haukufutika, ulichorwa upya mahali pengine: kazi iliyokuwa ya kiume jana, leo ikaitwa nyepesi, ikawa ya kike. Vita vilipokwisha mwaka 1945, viwanda vya magari viliwaondoa wanawake wengi, wakiwemo waliopinga. Kazi ikishapewa jinsia siku ya kwanza, anasema, inaganda, na kuibandua si rahisi.

Hoja yake nyingine ni kwamba chama cha wafanyakazi hubeba tabia ya zama zake za kuzaliwa. Vyama vya mafundi vya karne ya 19 vilifunga mlango kwa namna moja, vya viwanda vya miaka ya 1930 viliufungua kwa namna nyingine, vya watumishi wa umma vilivyokuja baadaye kwa namna nyingine tena. Nilipofika hapo nilimwona mzee wa Tabora waziwazi. Kilichozaliwa kwenye reli kitatafuta mtu mwenye namba ya kazi.

Lakini kwa mwaloni hoja hiyo hainitoshi. Kule Detroit, kwenye viwanda vya magari, kazi ya mwanamke ilidharauliwa, ikalipwa kidogo, ila iliitwa kazi. Aliyekuwa akikaza skrubu hakusema anasaidia. Kwa hilo nimelazimika kuangalia upande wa pili wa bahari. Ahmedabad, India, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake waliokuwa wakibeba mizigo ya vitambaa kichwani kwenye soko la nguo walimwendea Ela Bhatt, mwanasheria aliyekuwa akiongoza tawi la wanawake la chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Walipokwenda kusajili chama chao, SEWA, msajili aligoma kwanza: hamna mwajiri, mtapambana na nani? Wao wakajibu kwamba chama ni umoja wa wanaofanya kazi, si lazima kiwe vita na mtu. Kikasajiliwa Aprili 1972. Mwaka 1981 wakatengana na chama kilichowalea.

Wabebaji wa vichwani. Nimebandika kadi yao kando ya KUSOGEZA.

Jumanne, 9 Julai

Mrejesho. Niliwaita chini ya mwembe, nikaleta sambusa na soda, nikawasomea muhtasari wa kurasa mbili. Wengi wametawanyika kwa sababu ya ziwa: wengine wako kwenye mawese, wengine wanalima, mmoja anauza ndizi barabarani. Walikuja 11. M-09 naye alikuja, nikasita, kisha nikaona kumfukuza tajiri kwenye kikao ambacho si changu ni ukorofi.

Nilisoma mpaka kwenye sentensi "wanawake wa mwalo hawajajiunga". M-04 akanikata.

"Umekosea. Sisi tumejiunga."

Wakaleta daftari. La kaunta, kurasa 200, jalada limefunikwa kwa gazeti. Kufa na kuzikana, na ndani yake upatu, na nyuma kabisa katiba ya kurasa nne iliyoandikwa kwa mkono: ada, faini ya kuchelewa, mgonjwa anatembelewa na wangapi, aliyejifungua anapewa nini na anakaa nyumbani siku 40 huku sahani yake ikianikwa na wenzake kwa zamu. Niliisoma hiyo mara mbili. Mwaka mzima natafuta likizo ya uzazi kwenye sheria na ilikuwa nyuma ya daftari la misiba.

Nikauliza, nikijua nachelewa: mmewahi kugoma?

"Hapana!" kwa pamoja.

Kimya. Kisha mmoja akaanza kucheka kwa ndani, mabega yanatikisika, wenzake wakamfuata. Basi wakanieleza. Msimu mmoja M-09 alipunguza sahani kutoka mbili hadi moja, akisema soko limeshuka. Walinyamaza siku tatu. Siku ya nne, giza nene, mitumbwi imejaa, dagaa wako kwenye turubai, jua linapanda. Hakuna aliyekuja. Wote walikuwa na homa.

"Wote?"

"Wote, mwanangu. Ugonjwa ulituingia usiku mmoja."

Dagaa aliyemwagwa hana subira. Asipooshwa na kutandazwa, saa chache tu anaanza kulegea tumbo na kunuka. M-09 alikuwa anasikiliza, ameinamisha kichwa, anachokonoa chupa ya soda. "Nilijua hawaumwi," akasema. "Ningefanyaje? Mzigo ulikuwa juani, na deni la vikoba linasubiri. Niliwapitia nyumba kwa nyumba, pole, pole. Sahani zikarudi mbili saa nne asubuhi, wakapona." Wakacheka wote, naye akacheka, ingawa yeye alicheka kidogo zaidi upande mmoja.

Nilisema, huo si mgomo? M-04 akanitazama kwa huruma. "Mgomo ni wa wanaume wa reli. Sisi tuliumwa."

Swali la ukutani nimelibandua jioni. Nimeambiwa kwenye mradi ni lazima nieleze mabadiliko ya swali kwa maandishi, na fomu ya kueleza ina mistari mitatu.

Yanayonikera, niyaweke wazi. Moja: M-09 ni mwanachama wa daftari lile lile. Alizikiwa mume na wanawake anaowapa sahani. Sheria inataka wafanyakazi 20 kuanzisha chama, na mwalo huu unao kupita kiasi, lakini chama hicho kingemweka yeye upande wa pili wa meza, na sina hakika wanawake hawa wanaitaka meza hiyo. Pili: niliwasomea kifungu cha 61. Niliona ni haki yao kujua. Walisikiliza kimya sana, na nilipofika kwenye saa 45 wakaniomba nirudie. Msimamizi ameniuliza kama bado natafiti au nimeanza kuratibu. Nimemwambia natafiti.

Alhamisi, 15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Mwezi nao, kwa ukaidi wake, unakaribia kujaa, utakuwa mpevu tarehe 19. Mitumbwi michache ilitoka baada ya mwezi kuzama, ikarudi na kidogo. Wengi wanasubiri giza.

Jumatano, 28 Agosti

Giza limerudi, na dagaa nao. Nilikuwa Katonga saa kumi na moja, mahali pangu pale pale, kopo la maji pembeni.

Ndoo ya bluu bado ipo, kamba ya mpini ni mpya. M-04 amepanda kilima nayo tangu alfajiri. Tofauti ni moja tu: mjukuu wake amekaa juu ya gunia karibu na chanja na daftari la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye kidole. Kila bibi akipita anachora kijiti. M-09 alimwona, akasimama, akamuuliza anaandika nini, mtoto akamwonyesha, M-09 hakusema kitu, akaenda kupima mzigo wake.

Saa nne hivi mtoto alijaza ukurasa, akataka kuandika kichwa cha safu.

"Bibi, niandike kubeba au kusogeza?"

M-04 alikuwa ameshatua, anashika kiuno. "Umechora vingapi?"

"Kumi na saba."

"Andika ndoo kumi na saba."